Marcel Duchamp: gurudumu la kinga ambalo halikusafiri

Mkaaji wa Goma anayepita kwenye Rond-point Tshukudu anamuona mtu wa rangi ya dhahabu anayesukuma chukudu ya rangi ya dhahabu. Chini yake, ku barabara, wanapita watu wa kweli na chukudu za mbao, wamebeba makala, viazi na mifuko ya simenti. Jina la chombo ni moja, lakini kazi ni mbili. Ile ya juu inatazamwa, ile ya chini inalisha familia. Ile ya juu haitabeba hata mfuko moja, na hakuna anayeiomba ibebe.

Kuna mtu mmoja wa Ufaransa aliyecheza na tofauti hiyo karibu maisha yake yote: tofauti kati ya kitu cha kutumia na kitu cha kutazama. Jina lake ni Marcel Duchamp. Alikufa mwaka wa 1968. Alichukua gurudumu la kinga, chuma cha kukaushia chupa na beleshi la theluji, akasema hivyo vitu vinaweza kuwa sanaa, bila yeye kuvichonga wala kuvipaka rangi. Wengi walicheka, wengine wakakasirika. Lakini mpaka leo, kila mara mji unapotaka kujenga mahali pa kuegesha kinga na viongozi wanajiuliza kama waite fundi wa kuchomelea vyuma ao msanii, mambo ya Duchamp yanarudi mezani.

Mtoto wa notere

Marcel Duchamp alizaliwa tarehe 28 Julai 1887 huko Blainville-Crevon, kijiji cha jimbo la Normandy, kaskazini ya Ufaransa. Baba yake, Eugène, alikuwa notere, yaani mtu wa sheria anayetengeneza hati za mauzo ya mashamba na za urithi. Nyumba ilikuwa na uwezo. Babu yake upande wa mama, Émile Nicolle, alikuwa mchoraji, na michoro yake ilijaa ku kuta za nyumba. Njo maana watoto wanne wa ile familia walifuata njia ya sanaa: wakubwa wawili, Gaston na Raymond, kisha Marcel, kisha dada yao Suzanne.

Baba yao hakuwafukuza wala kuwalaani. Aliwapa pesa za kuishi kila mwezi, lakini aliandika hesabu yote. Kile kila mtoto alichopokea kingetolewa kwenye sehemu yake ya urithi baadaye. Ilikuwa namna ya haki, ya mtu aliyezoea kazi ya hati.

Marcel alisoma sekondari ku Rouen, mji mkubwa wa karibu. Pale kulikuwa duka la kuuza chokoleti, na kwenye dirisha lake mashine ya kusagia chokoleti ilikuwa inazunguka mbele ya wapita njia. Ile mashine ilimkaa kichwani, na baadaye aliichora mara mbili. Toka utoto, kitu kinachozunguka kilimvuta macho.

Mwaka wa 1904 aliwafuata kaka zake ku Paris, akaingia masomo ya uchoraji, lakini hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwaka wa 1905 sheria mpya ya jeshi ilitaka kila kijana atumikie miaka 2. Wafundi wa kazi za mikono zenye sanaa waliachiwa baada ya mwaka 1 tu. Duchamp akaenda kujifunza kazi ya kuchapa kwa mchapaji wa Rouen, akafaulu mtihani, akamaliza jeshi mapema. Basi ufundi wa kweli, ule wa wino na mashine, aliujua kwa mikono yake mwenyewe.

Mchoro uliorudishwa

Mwaka wa 1912 Duchamp alipeleka mchoro wake mkubwa ku maonyesho moja ya Paris. Mchoro ulionyesha mtu aliye uchi anayeshuka ngazi, lakini mwili umegawanywa vipande vipande, kama picha nyingi za mwendo zilizopangwa moja juu ya ingine. Wakubwa wa maonyesho, ambao wengine walikuwa marafiki wa familia, hawakuupenda. Waliwatuma kaka zake wawili wenyewe wamuombe abadilishe angalau jina la mchoro. Duchamp hakugombana nao. Alienda, akachukua mchoro wake, akaurudisha nyumbani kwa taksi. Toka siku ile, hakuamini tena kundi lolote la watu wanaojipa mamlaka ya kusema hii ni sanaa na ile si sanaa.

Mwaka uliofuata mchoro huo ulionyeshwa mu New York. Magazeti yaliucheka sana, watu walipanga mstari kuuona, na mnunuzi mmoja wa San Francisco akautoa kwa dola 324. Duchamp akawa mtu mashuhuri Marekani kabla hajakanyaga pale.

Lakini wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchoka na rangi. Alitembelea maonyesho ya ndege ku Paris pamoja na wasanii wenzake Léger na Brancusi. Alisimama mbele ya panga la ndege, lile linalozunguka mbele ya injini, akabaki analiangalia. Liliumbwa ili ndege iruke, si ili lipendeze, na bado lilikuwa zuri kuliko sanamu nyingi. Duchamp aliona kama uchoraji umefika mwisho wake, sababu hakuna mchoraji angeweza kufanya kitu bora kuliko kile.

Gurudumu juu ya tabure

Mwaka wa 1913 Duchamp alitafuta kazi ya kawaida ya mshahara, akawa mtumishi wa maktaba ya Sainte-Geneviève ku Paris. Ile mwaka, katika chumba chake cha kazi, alichukua gurudumu la mbele la kinga pamoja na uma wake, akaugeuza juu chini, akaukaza ndani ya tabure, kiti kisicho na mgongo. Gurudumu likabaki hewani. Ukilisukuma kwa kidole, linazunguka, njiti zake zinapotea macho, kisha pole pole zinaonekana tena.

Hakulionyesha kwa mtu. Hakuliita sanaa. Aliliweka tu sababu lilimfurahisha, kama vile mtu anavyokaa jioni mbele ya moto anaangalia miali. Hapo kuna jambo ambalo fundi yeyote wa kinga ataliona mara moja: yule mtu alikuwa ameharibu vitu viwili. Gurudumu haliwezi kwenda mahali, na tabure haiwezi kukaliwa. Vitu viwili vya kazi vilikutana, na kazi ya vyote viwili ikafa.

Mwaka wa 1914 aliingia katika Bazar de l'Hôtel de Ville, duka kubwa la Paris linalouza nyundo, misumari na vyombo vya nyumba. Alinunua chuma cha kukaushia chupa. Ufaransa, nchi ya divai, kile chuma kilikuwa kitu cha kila nyumba: duara za chuma zinazopanda juu kama mnara, zenye vijiti pembeni, ambapo chupa zilizooshwa zinachomekwa mdomo chini ili maji yatoke. Safari hii Duchamp hakukaza kitu, hakugeuza kitu. Alikinunua, akakipeleka chumbani, akakiacha bila chupa hata moja.

Dada anasafisha chumba

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, kaka zake wawili waliitwa jeshini. Yeye alikataliwa sababu ya moyo wake, ambao mganga aliusikia haupigi sawasawa. Kijana mwenye afya ya kuonekana, anatembea ku Paris bila nguo za jeshi, alitukanwa barabarani. Mwezi wa 6 mwaka wa 1915 akapanda meli kwenda New York.

Pale alipokelewa na bwana na bibi Arensberg, watu wenye mali na wapenda sanaa, waliomlipia nyumba. Alifundisha watu Kifaransa ili apate pesa ya mfukoni. Akanunua beleshi la kuondolea theluji, akaandika maneno juu yake, akalitundika. Na hapo ndipo alipata jina la kuita vitu vya namna hiyo: vitu vilivyokwisha tengenezwa, ambavyo msanii anavichagua tu.

Mwanzo wa 1916 aliandika barua kwa dada yake Suzanne ku Paris. Alimuomba aende katika chumba chake cha zamani, achukue kile chuma cha chupa, aandike maneno na jina la Marcel juu yake, na hivyo kiwe kazi ya sanaa iliyofanywa kutoka mbali.

Barua ilichelewa. Suzanne alikuwa amekwisha safisha chumba. Gurudumu na tabure yake, pamoja na chuma cha chupa, vilikuwa vimetupwa ku takataka.

Hakuna wa kumlaumu Suzanne. Yeye mwenyewe alikuwa msanii mzuri. Aliona gurudumu bila kinga na chuma bila chupa, akafanya kile mtu wa akili anafanya wakati wa kusafisha. Lakini hivyo vitu viwili, leo, makumbusho makubwa ya dunia yangelipa mali nyingi kuvipata.

Chombo cha haja mu New York

Mwaka wa 1917 kundi la wasanii wa New York lilianzisha maonyesho yasiyo na majaji. Sharti lilikuwa moja: anayelipa dola 6 anaonyesha, bila kuulizwa. Duchamp alikuwa mmoja wa wakubwa wa lile kundi. Kabla maonyesho yafunguliwe, kifurushi kikafika na dola 6 na jina la mtu asiyejulikana, R. Mutt. Ndani kulikuwa chombo cha choo cha wanaume, kile cha kauri cheupe cha kukojolea, kimelazwa mgongo, kina jina na mwaka pembeni, na kichwa cha kazi: Fountain.

Wakubwa walibishana vikali, wakapiga kura, wakakikataa. Duchamp akajitoa katika uongozi siku zile zile, bila kuwaambia kwamba R. Mutt ni yeye. Alikuwa amewapima. Walisema hakuna majaji, na siku ya kwanza ya shida wakajifanya majaji. Mpiga picha Alfred Stieglitz alikipiga kile chombo picha, kisha kikapotea. Mpaka leo hakijaonekana.

Mwaka wa 1918 Duchamp alikuwa Buenos Aires, Argentina, wakati habari mbaya ilimfikia. Kaka yake Raymond, mchongaji wa sanamu aliyekuwa amesoma udaktari na kutumika na waganga wa jeshi, alikuwa amekufa kwa ugonjwa alioambukizwa vitani.

Mlango moja na soko la wavumbuzi

Watu wengi wanafikiri Duchamp alidharau kazi ya mikono. Maisha yake yanasema tofauti. Mwaka wa 1927, katika nyumba ndogo ya barabara ya Larrey ku Paris, alikuwa na shida ya nafasi. Chumba cha kulala na chumba cha kuogea vilikuwa karibu karibu. Alimuita seremala, akamtengenezea mlango moja unaotumikia nafasi mbili: ukifunga huku, unafungua kule. Ulikuwa mchezo wa akili, lakini ulikuwa pia mlango wa kweli, na uliokoa nafasi. Miaka mingi baadaye ule mlango ulitolewa pale, ukaonyeshwa peke yake kama kazi ya sanaa. Ikabaki mbao ya kuangalia, haifungi kitu na haifungui kitu.

Kwa miaka mingi alipenda mchezo wa sataranji kuliko sanaa. Aliucheza kwa nguvu mpaka akavaa jina la Ufaransa katika mashindano ya mataifa. Ndoa yake ya kwanza, ya 1927, haikumaliza hata mwaka.

Mwaka wa 1935 alijaribu njia ingine. Alichapisha sahani 6 za karatasi ngumu zenye duara za rangi pande zote mbili. Ukiziweka juu ya gramafoni zikazunguka, macho yanaona kitu kinainuka na kushuka. Hakuzipeleka kwa wauza sanaa. Alikodi meza ku Concours Lépine, soko la wavumbuzi wa Paris, kati ya watu wanaouza mashine za kumenya viazi na vitu vya jikoni. Alikaa pale mwezi mzima. Watu walisimama kidogo, wakaangalia, wakaenda. Karibu hakuna aliyenunua. Mbele ya mama anayetafuta kisu cha jikoni, kitu cha kutazama tu kilishindwa. Duchamp alipokea jibu hilo bila kuchukia.

Wakati wa vita ya pili, Wajerumani wakiwa wamekamata Paris, alipata kibali cha mnunuzi wa fromaji. Kwa kibali hicho alivuka mara kadhaa kati ya sehemu mbili za Ufaransa. Katika mizigo yake hamkuwa fromaji, mulikuwa vipande vya michoro na nakala ndogo za kazi zake, alizokuwa anapanga ndani ya sanduku la kubeba mkononi. Mwaka wa 1942 akarudi New York.

Vitu vilivyotupwa vinarudi

Mwaka wa 1951 duka moja la sanaa la New York lilitaka kuonyesha gurudumu. La kwanza lilitupwa na Suzanne, kwa hiyo likatengenezwa lingine, tabure ingine na gurudumu lingine. Hilo ndilo liko leo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mwaka wa 1964, ku Milano, Italia, mfanyabiashara Arturo Schwarz alitengeneza nakala za vitu hivyo, nane nane, kwa ruhusa ya Duchamp. Chombo cha choo kilichokuwa kinapatikana dukani kikaanza kufinyangwa kwa mkono, kufuatana na picha, ili kifanane na kile kilichopotea. Mwaka wa 1999 nakala moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 1,7.

Hapo kuna kicheko, na pengine Duchamp alikisikia wa kwanza. Kitu alichokichagua sababu ni cha kawaida na bei ndogo kikawa cha thamani kuliko nyumba. Gurudumu alilolisukuma kwa kidole chake jioni, leo hakuna mtembeleaji anayeruhusiwa kulizungusha. Na mwaka wa 1993, ku Nîmes, mtu mmoja alikojoa ndani ya nakala moja ya Fountain, kisha akaipiga nyundo. Alikamatwa na kuhukumiwa. Chombo kilifanya kazi yake ya kwanza kwa dakika moja, na hiyo ikawa kosa.

Duchamp alikuwa ameoa tena mwaka wa 1954, ndoa yenye amani, na mwaka wa 1955 akapata uraia wa Marekani. Alikufa tarehe 2 Oktoba 1968 huko Neuilly, karibu na Paris, akiwa na miaka 81. Alizikwa Rouen, mji wa ile mashine ya chokoleti. Baada ya kifo chake ilijulikana kwamba alikuwa ametumika kwa siri miaka 20 juu ya kazi kubwa ya mwisho, wakati watu walifikiri ameacha sanaa kwa ajili ya sataranji.

Kinga itaegemea wapi?

Miaka 40 baada ya kifo chake, mwaka wa 2008, mji wa New York uliweka barabarani vyuma 9 vya kuegesha kinga vilivyochorwa na mwanamuziki David Byrne, mtu anayepanda kinga yeye mwenyewe. Kimoja, ku Wall Street, barabara ya mabenki, kilikuwa na umbo la alama ya dola. Kingine kilikuwa kiatu cha mwanamke cha kisigino kirefu. Watu walisimama kupiga picha. Lakini vilikuwa vyuma vigumu, vilivyokazwa chini, na mwenye kinga aliweza kufunga yake pale.

Si miji yote inayofaulu hivyo. Chuma cha kuegesha kinga kina sheria zake, na sheria hizo hazijali uzuri. Kinapaswa kushika mwili wa kinga, si gurudumu peke yake, maana kinga ikisukumwa pembeni, gurudumu lililobanwa linapinda na janti inakwisha. Kinapaswa kuacha nafasi ya kufuli kuzunguka mwili na gurudumu pamoja. Kinapaswa kukazwa vizuri, mwizi asiking'oe. Kinapaswa kuwa karibu na mlango wa soko, wa ofisi ao wa hospitali, si nyuma ya ukuta. Chuma kilichopindwa kama herufi U iliyogeuzwa kinatimiza hayo yote, na bei yake ni ndogo. Chuma chenye umbo la twiga ao la ua kinaweza kuyatimiza, na kinaweza kuyakosa.

Maisha ya Duchamp yanaonyesha hatari mbili. Ya kwanza ni ya Suzanne: kutupa kitu sababu hakuna kazi kinafanya leo. Ya pili ni ya wale waliokuja baada ya Duchamp: kusahau kwamba kitu kikigeuzwa sanaa, mara nyingi kinaacha kazi yake, na kuna mtu aliyekuwa anaihitaji. Duchamp hakudanganya mtu juu ya hilo. Hakusema gurudumu lake litamfikisha mtu mahali, wala hakuchomeka chupa ku chuma chake. Alinunua kwa pesa zake, akaweka chumbani kwake. Lakini chuma cha kinga mbele ya soko kinalipwa kwa pesa ya wote, na kinakaa mahali pa wote.

Kwa hiyo, katika mji wenye watu wengi wanaotafuta maisha kwa kinga, kama Kisangani na toleka zake zinazobeba abiria toka asubuhi, msanii anaweza kuitwa, na kazi yake inaweza kuwapa wakaaji furaha. Ila kabla ya kulipa, achukuliwe mwenye toleka moja, aje na kinga yake na kufuli yake, aifunge pale, kisha mtu aisukume. Ikianguka, kile chuma kipelekwe kando ya sanamu ya chukudu, nafasi yake ni pale, na kwenye soko paitwe fundi.